Mafuta Yasiyoshukuriwa

Mnasema siku hizi nina kiburi. Kondo amelisema wazi mbele ya walimu wote, Zainabu amelizungusha kwa heshima zake, lakini nimewaelewa: tangu nirudi kutoka Upareni, neno asante limenikauka kinywani. Mimi, niliyeitwa Mwalimu Asante katika shule hii kwa sababu nilikuwa namshukuru hata anayenipisha mlangoni! Masista walionisomesha walitufundisha kwamba mtoto asiyeshukuru hana tofauti na mbuzi, na somo hilo nililishika kuliko hesabu.

Basi kaeni niwaeleze yaliyonipata njiani. Mkishasoma karatasi hizi mnirudishie, na mwalimu mkuu asizione, maana ndani yake mna habari za bangi. Tayari nawasikia mnaguna. Subirini kwanza.

Baba mlimjua. Alitoka Kasulu akiwa kijana, akaletwa na wenzake kama manamba kukata mkonge chini ya milima ya Upare, upande wa Same, na nguvu zake zote zikaishia huko. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakataji. Mama alipofariki na shamba lilipoanza kupunguza watu, nikamchukua baba hapa Morogoro, kwenye nyumba yangu ya ualimu. Mwaka huu mgongo wake ulimgomea kabisa. Hospitali walimpa vidonge na maneno mazuri, vyote havikumsaidia. Alikuwa hawezi kulala chali wala ubavu. Alilala ameketi, paji la uso juu ya meza, kama mtoto aliyesinzia darasani.

Asubuhi moja akasema, bila hata kuinua kichwa, "Nakijwa wa Mamba, kule mlimani Upareni, alikuwa na mafuta." Nikauliza mafuta gani. "Ya kondoo na majani. Nitafutie."

Nataka mjue kitu kimoja kabla sijaondoka Morogoro. Katika miaka yote niliyokaa na baba, hilo lilikuwa ombi lake la kwanza kwangu. Na katika miaka hiyohiyo hakuwahi kuniambia asante hata mara moja. Nikimwekea uji, anakunywa. Nikimnunulia shati, analivaa. Nilikuwa na kinyongo naye, nasema kweli. Hata nilipokuwa nafunga mzigo nilijiambia: safari hii, nikirudi na hayo mafuta, lazima nilisikie hilo neno.

Morogoro hadi Korogwe

Shule zilikuwa zimefungwa. Zainabu alikubali kukaa na baba, nami nikaondoka na basi la asubuhi. Mbele kidogo ya Chalinze basi likatoa moshi likasimama. Utingo akalala chini ya gari, na kila alipotoka kutupa habari alizidi kuwa mweusi kwa mafuta machafu.

"Bado, mama," aliniambia.

"Asante sana," nikajibu.

"Pampu imekufa."

"Asante, ndugu yangu."

Akanitazama kwa makini. "Mama, unanishukuru kwa gari kuharibika?" Abiria wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nilifanya vilevile alipotoka mara ya tatu. Tulikaa pale karibu kutwa. Kina mama wa kijiji cha jirani walituletea mihogo ya kuchoma na chumvi yenye pilipili, tukala tumeketi kwenye majani. Nilipofika Korogwe treni ilikuwa imeshaondoka, ikanibidi nilale kwa shangazi yake Zainabu. Huyo nilimshukuru mpaka akaona haya.

Korogwe hadi Same

Treni ya kesho yake haikuwa na haraka. Ilisimama Mombo, ikasimama Mkomazi, na pale Buiko ilisimama bila sababu ambayo mtu yeyote aliijua. Milima ilikuwa upande wa kulia, ya bluu na mirefu, na huku chini jua lilikuwa linachoma mpaka mbao za viti zikanukia. Nilinunua maji ya madafu dirishani, nikapewa ya moto.

Nilikuwa na hofu, msidhani sikuwa nayo. Baba alisema majani, na mimi nilijua ni majani gani. Mwanafunzi wangu akikutwa na bangi namfukuza darasani, na mimi mwenyewe nilikuwa naifuata kwa treni ya serikali. Nilijaribu kukumbuka nilivyokuwa mtoto kambini, nikakumbuka harufu tu: harufu nzito ya mafuta ya kondoo, na baba amelala kifudifudi juu ya gunia, na mama anamkanda mgongo kwa viganja viwili. Kama hiyo ndiyo bangi, basi nililelewa ndani ya harufu yake na sikujua.

Same

Upepo wa Same hamjauona. Unabeba vumbi, unabeba na kofia. Nilishuka mchana nikaambiwa lori la upande wa Kisiwani na Maore litaondoka kesho, Mungu akipenda na dereva akipona. Nikawa nazunguka sokoni kutafuta kivuli, mara nikasikia mtu ananiita.

"Wewe! Wewe si mtoto wa Muha?"

Alikuwa mzee anayeshona katambuga za tairi, ameketi juu ya debe. Alisema amelijua paji langu la uso kuwa ni la baba, ambaye kambini walimwita Muha tu. Jina lake Mzee Bonifasi, Mbena, aliyekata mkonge na baba katika mstari mmoja, kisha akaoa Mpare na kubaki hukohuko. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kiti chake yeye akaketi juu ya matairi. Mke wake akaleta makande yenye maziwa ya mgando pembeni. Nilipomweleza ninachokifuata hakushtuka hata kidogo.

"Mgongo wa mkonge huo," alisema. "Unainama tangu alfajiri, unakata, unafunga matita, unabeba. Miiba inakuchoma kila mahali. Sisi wote tulikuwa na mgongo huo. Mwanangu, bila yale majani tungekata nini?"

Kisha akanisimulia, mkono wake haukuacha kushona. Pale kambini, alisema, kila kabila lilikuja na namna yake. Wale wa kutoka magharibi, baba yangu akiwemo, walikuja na kiko cha kibuyu chenye maji ndani. Jumapili waliketi duara, kibuyu kikazunguka, na anayekohoa lazima ataje jina la babu yake na mto wa kwao. Hakuna aliyevuta peke yake. "Ilikuwa ndiyo namna yao ya kukumbuka kwao," alisema. "Mtu yuko mbali na Kasulu, nani mwingine atamuuliza jina la babu yake?"

Mpishi wa kambi alitoka Pangani. Huyo hakuvuta. Alipika majuni, yaani majani yaleyale kwenye samli, asali na iliki, akakata vipande vidogo kama kashata, akagawa siku za harusi. Mzee Bonifasi alikula viwili siku moja kwa tamaa, akaketi mlangoni kwake kutwa nzima akiwa na hakika kwamba miguu yake ni ya mtu mwingine. Alipofika hapo alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

"Na Wapare?" nikauliza.

"Wapare ni wanawake tu waliokuwa nayo. Nakijwa alikuwa anashuka toka Mamba na ndizi zake, na chini ya ndizi kibuyu. Mafuta ya kupaka. Hayalevyi. Yanaingia kwenye mfupa, yanakaa humo." Akaiokota sindano yake. "Nisikudanganye lakini. Tulikuwa na kijana mmoja, alianza kuvuta peke yake, kila siku, asubuhi na jioni. Akapotea akili, akarudishwa kwao amefungwa kamba. Ndiyo maana wazee waliweka duara. Ulipokuja Uhuru tukafurahi, tukacheza ngoma siku tatu. Baadaye shamba likawa letu sote, tukahamishwa huku na huku, duara likavunjika, na vijana sasa wanavuta vichakani na kuuzia madereva. Hiyo nayo nitaisifu? Siwezi."

Nilimshukuru kwa makande, kwa kiti na kwa habari. Akasema, "Huko unakokwenda punguza hayo maasante." Nilidhani ananitania.

Kupanda Mamba

Dereva alipona. Lori lilikuwa limebeba mabati ya shule, nasi tuliketi juu ya mabati, na kila tulipopita kwenye mashimo yaliimba kwa sauti ambayo ninaisikia mpaka leo. Tuliuzunguka mlima kwa chini tukatokea upande wa mashariki. Nikayaona mashamba ya mkonge yaliyonilea, mistari yake imeshikwa na nyasi. Nilitegemea nitalia, nikaona njaa tu.

Kutoka barabarani kupanda Mamba ni kwa miguu. Nilifuatana na kina mama waliokuwa wanarudi kutoka sokoni, wamebeba chumvi na mafuta ya taa kichwani, wanaongea Kipare na kucheka, huku mimi niliye na mkoba mmoja nahema kama nimefukuzwa. Huko juu ni nchi nyingine kabisa. Migomba, kahawa, ukungu, maji yanapita kwenye mifereji kando ya njia. Mama mmoja alinichukulia mkoba wangu akauweka juu ya mzigo wake bila kuniuliza. Nilimshukuru mara nne kabla hatujafika.

Nyumbani kwa Bibi Nakijwa

Bibi Nakijwa ni mdogo wa umbo, ameinama, na macho yake hayajazeeka. Nilimkuta anachambua maharage nje. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa nani aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Muha bado yu hai?"

"Yu hai, bibi. Lakini halali. Mgongo."

Akanyanyuka akanionyesha nyuma ya nyumba, kando ya zizi la mbuzi. Palikuwa na mashina matatu tu, marefu kunizidi. Alisema bibi yake aliyapanda palepale, karibu na samadi, na kwamba tangu zamani yalikuwa mmea wa wanawake waliokwisha kuzaa. Mbuzi akivimba tumbo anachemshiwa. Mwanamke aliyekazwa na uchungu wa uzazi anakandwa kiunoni. Mzee mwenye viungo anapakwa. Vijana hawakuruhusiwa hata kuyashika. Mashina yalikuwa mengi, kila nyumba na lake, lakini mwenyekiti wa kijiji alitoa amri yang'olewe, na watu wakang'oa. "Yeye ana haki yake," alisema Bibi. "Aliona vijana wanaharibika. Ila amechoma ghala kwa sababu ya panya."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Akakiweka chini kwenye mkeka, hakunipa mkononi. "Kimoja hiki ndicho kilichobaki," alisema, akageuka kuondoka.

Jamani, siku tatu za safari! Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikakikumbatia, nikasema kwa moyo wangu wote, "Asante, bibi! Asante sana, Mungu akubariki!"

Alirudi. Alikichukua kibuyu mikononi mwangu taratibu, akaenda nacho zizini, akatoa gunzi na kuyamwaga mafuta yote juu ya samadi. Mbuzi mmoja akaja kunusa. Nami nilikuwa bado nimepiga magoti.

Nilikasirika. Nilimuuliza nimemkosea nini. Akanikalisha, akanipa kikombe cha maziwa, na nilipofungua mdomo akaniwekea kidole mdomoni.

"Dawa haishukuriwi," alisema. "Ukishukuru maana yake umesema yamekwisha. Umefunga mlango. Dawa haijaanza kazi, wewe umeshaifunga! Nikupe ya nini? Ungempaka baba yako mafuta ya kondoo tu."

"Sikujua, bibi."

"Hata yeye hakujua." Hapo uso wake ukalegea. "Mara ya kwanza aliniambia asante, pale kambini, mbele ya mkewe mwenye mimba. Nikayamwaga mchangani. Alikaa msimu mzima na mgongo wake mpaka nilipopata mafuta mengine. Toka siku ile aliogopa kabisa. Nikimpa ndizi, kimya. Nikimpa maji, kimya. Nikamwambia, Muha, maji unaweza kushukuru. Akasema hapana, mimi sijui kipi kinaniponya na kipi hakiniponyi, bora ninyamaze kwa vyote."

Nilikinywa kikombe kile mpaka mwisho. Nilikuwa nafikiri juu ya uji, na shati, na miaka yangu ya kinyongo.

Siku tano Mamba

Majani yalikuwepo. Kilichokosekana ni mafuta ya mkia wa kondoo, na kondoo walikuwa wachache, wengi wamekwenda katika zizi la ujamaa. Bibi akasema nikae, labda yatapatikana. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ileile na baba alikuwa analala mezani. Nilikaa, ningefanya nini?

Siku ya pili ilipigwa pembe, watu wote wakatoka na majembe kwenda msaragambo, ile kazi yao ya pamoja, kuzibua ndiva, yaani bwawa la kumwagilia lililojaa tope. Nikaenda nao. Nilizama mpaka magotini nikapokezana ndoo za tope na wanawake nisiowajua, na mara ya kwanza niliyopewa ndoo nikasema asante, mstari mzima ukasimama kunitazama. Bibi Nakijwa aliyeketi ukingoni akapiga ukelele, "Mwacheni, ni mgonjwa, yuko kwenye dozi!" Wakacheka sana. Tulikula makande na ndizi kwenye majani ya mgomba, na dengelua ikazunguka, pombe yao ya miwa, tamu ambayo baadaye inakudai miguu. Kutwa nzima sikusikia mtu akimshukuru mwenzake. Wala sikumwona aliyenyimwa kitu.

Mwenyekiti naye alikuwemo kwenye tope. Alinijia jioni akikung'uta mikono. "Ndugu mwalimu, nasikia umekuja kututembelea." Nikasema ndiyo. "Umekuja kwa Bibi Nakijwa." Nikasema ndiyo. "Kwa afya ya mzazi." Nikaanza kujifuta tope, nikijua kwamba akitaka anaweza kuyang'oa yale matatu kesho asubuhi na mimi kunipeleka kituoni. Akaniambia mama yake mzazi ana magoti mabaya sana. Kisha akaondoka.

Kesho yake mchana alipita kwa Bibi na kifurushi cha jani la mgomba, akakiweka juu ya kinu huku anatazama upande mwingine kabisa, milimani, kama mtu anayehesabu miti. "Kondoo wa kijiji amevunjika mguu, amechinjwa," alisema. "Mkia hauliki na kila mtu. Mimi sijafika hapa." Akaenda. Nilikuwa nimeumeza ulimi.

Bibi alipika kwa siku mbili, moto mdogo, hataki uchemke. Aliniachia nikoroge lakini alinikataza kuyagusa majani. Alichuja kwa kitambaa, akayagawa katika vibuyu viwili. Kimoja akamwambia mjukuu wake wa kike akakisahau kwenye mlango wa mama wa mwenyekiti. Cha pili akakiweka kwenye mkeka, akanigeuzia mgongo na kuanza kuchambua maharage.

Nilikichukua. Nilisimama nyuma yake kwa muda. Mgongo wake mdogo, shingo iliyoinama, mikono inayokwenda kwenye ungo. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinataka kusema. Niligeuka nikashuka mlima na machozi yananitoka, na hakuna aliyesema hata kwaheri.

Kurudi

Sikumuuliza Bibi kama nikimshukuru mtu mwingine dawa itafungika pia. Nilipolikumbuka swali hilo nilikuwa nimeshafika chini, hivyo nikaamua kufuata njia ya baba: nyamazia vyote.

Ni safari ya aibu, rafiki zangu. Mzee Bonifasi alinipa katambuga mpya, nikazivaa nikaenda zangu. Yeye alitabasamu, alijua. Wengine hawakujua. Ndani ya treni mama mmoja alinimenyea chungwa, nikala. Akanimenyea la pili, nikala. La tatu akaliweka mapajani mwake. "Binti, kwenu mlifundishwa kusoma tu?" aliuliza. Behewa zima lilinigeukia. Nilimchukua mtoto wake aliyekuwa analia, nikambeba mpaka Korogwe. Kwa hilo tu ndipo alipolegea.

Baada ya Korogwe basi lilisimamishwa kwenye kizuizi, wakawa wanatafuta mahindi yanayosafirishwa bila kibali. Askari, mtu mzima mwenye mvi, alifungua mkoba wangu akatoa kibuyu.

"Nini hiki?"

"Mafuta ya kondoo. Ya mgongo wa baba yangu."

Alitoa gunzi, akanusa. Alinusa tena, polepole, akanitazama usoni. Niliona nimekwisha: kazi, nyumba, baba. "Baba yako alifanya kazi gani?" aliuliza.

"Alikata mkonge."

"Na wangu," alisema. Akachovya ncha ya kidole, akajipaka kifundo cha mkono, akaziba gunzi vizuri, akakifunga kibuyu kwenye kanga yangu kama mtoto mchanga. Nilimtazama tu. Nadhani aliliona lile neno mdomoni mwangu, kwa sababu alinipungia mkono nipite upesi kabla sijaharibu.

Nyumbani

Zainabu, wewe ulikuwepo. Ulinifungulia mlango, nikapita bila neno, na najua ulikasirika. Nilikuwa nakwenda moja kwa moja kwa baba. Niliweka kibuyu sakafuni mbele yake, nikarudi nyuma.

Alikitazama, kisha akanitazama mimi. "Alikumwagia?"

"Alinimwagia."

Akacheka. Tangu mama azikwe sikuwahi kumsikia baba akicheka. Alicheka ameshika meza, anaumia na anacheka, na mimi nikaketi sakafuni nikacheka naye mpaka Zainabu akaja kuchungulia.

Nilimpaka asubuhi na jioni, kwa viganja viwili kama mama. Siku ya tatu alilala chali. Mlimwona wenyewe, ameketi kizingitini anamenya maharage, anawasalimu. Sisemi alipona. Alipumzika. Akaanza kunisimulia mambo ya Kasulu, na jina la babu yake, na mto wa kwao, ambayo hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwa nimewahi kuuliza.

Asubuhi moja nilimaliza kumpaka, nikawa nafuta mikono. Kibuyu kilikuwa bado na theluthi nzima. Baba alijigeuza taratibu mpaka akaniona vizuri.

"Asante, mwanangu," alisema.

"Baba! Dawa bado imo!"

"Naiona."

"Umeifunga, baba."

"Nimeifunga mwenyewe. Miaka yote hii nilikuwa nauchunga mgongo, nikaogopa kukwambia. Sasa nimechoka kuuchunga." Akanishika mkono ulionukia mafuta. "Asante kwa uji. Asante kwa shati lile la bluu. Asante." Alizitaja nyingi, moja moja, kama mtu aliyekuwa anaziweka akiba, na mimi niliyesafiri mpaka Upareni kulifuata neno hilo nilitamani aziweke tena.

Alifariki wiki iliyofuata. Mlikuja nyote. Mlileta kuni, sukari, unga, Kondo alichimba kaburi kwa mikono yake, Zainabu alilala kwangu siku saba. Nilisimama mbele yenu nikafungua mdomo, kisha nikaufunga, nanyi mkaona kiburi.

Sasa mnajua. Jumamosi njooni mle, nimepika makande. Lakini lile neno msilisubiri kwangu, maana linafunga mlango, na ninyi bado nawahitaji.